Harusi Juu ya Dari ya Rangel

Metodi alivunja taya la kwanza akiwa darasa la saba, na taya la mwisho akiwa mtu mzima mwenye upara, kwa sababu ya mahali pa kuegesha gari. Maisha yake yalipita katikati ya mataya hayo mawili.

Si kwamba alikuwa mtu mbaya. Ukikutana naye ngazini umebeba gunia la viazi, atakupokea bila kuombwa na kukupandishia mpaka mlangoni. Ila mkono wake ulikuwa mwepesi kuliko ulimi. Mtu akimwambia neno la kuudhi, Metodi huanza kutafuta jibu kichwani, na kabla hajalipata, ngumi imeshafika. Baba yake alikuwa vivyo hivyo. Alikuwa akirudi kutoka kwenye mgodi wa makaa akiwa mweusi, meno tu ndiyo yanaonekana, anapiga kwanza halafu ndipo anauliza nani kamaliza mtindi. Metodi alijua kupigwa kabla hajajua kuendesha baiskeli. Siku za mechi alikwenda uwanjani na meno yote na kurudi na pungufu, akicheka, na damu imemkauka kidevuni. Kazi yake ilikuwa yadi ya vyuma chakavu nje ya mji, kukata magari mabovu kwa moto wa gesi, na wenzake walisema hata magari yalikuwa yakimwogopa.

Mji wetu wote wa Pernik una watu wa namna hiyo. Ndiyo maana watu wa miji mingine wanatutania kwamba sisi hatuwekewi chumvi mezani, tunawekewa chuma cha pembe, kile cha kuchomelea fremu za madirisha, na kwamba kila gari la Pernik lina kimoja chini ya kiti cha dereva. Ni utani tu. Lakini vilevile, vipo.

Taya la mwisho lilimpeleka Metodi mahakamani. Jaji alikuwa mama mmoja mdogo wa umbo, mwenye mafua, anayepenga kamasi kila baada ya sentensi.

"Bwana Metodi, nakupa kifungo cha nje. Miaka miwili. Ukimpiga mtu yeyote, hata kofi, unaingia ndani na kuitumikia yote."

"Na akinianza yeye?"

"Kwa sifa zako hizi, nani atakuamini kwamba alikuanza yeye?"

Metodi akafikiri. "Na akimtukana mama?"

Watu ukumbini waliangua kicheko. Jaji hakucheka. "Hata akimtukana mama," alisema, akapenga.

Dada yake Metodi, Bozhura, alikuwa amekaa benchi la nyuma akitafuna kucha. Yeye ndiye mkubwa, anafanya kazi kwenye duka la mikate, na wawili hao wanaishi pamoja ghorofa ya nne katika nyumba waliyoachiwa na wazazi. Walipotoka nje alimshika ndugu yake shati kifuani kwa mikono miwili.

"Sikiliza wewe dubu. Miaka miwili. Mtu akikupiga shavu, unampa salamu. Akikutemea mate, unauliza hali ya watoto. Ukifungwa mimi sikuletei hata sigara."

"Sasa hasira nipeleke wapi, dada?"

Bozhura alilifikiria swali hilo wiki nzima huku akipanga mikate.

Metodi alikuwa na gitaa la umeme tangu ujana, jekundu, limechubuka kila mahali kwa sababu lilishawahi kutumika kama silaha. Alikuwa pia na amplifaya kubwa kama friji. Alipoiwasha, glasi zilitembea kabatini. Na katika majengo yetu jirani akikuchosha hupandi ngazi kumwambia. Unachukua kijiko au nyundo unagonga bomba la joto, lile la maji ya moto ya kupasha nyumba, na mlio ule unapita nyumba zote kutoka chini hadi juu. Metodi akipiga gitaa, bomba lilikuwa likilia kama jela yenye wafungwa walioasi. Kisha anatoka ngazini kutafuta nani kagonga, na hapo ndipo ngumi zilipokuwa zikianza. Bozhura akaona pa kuanzia. Aliuza amplifaya bila kumuuliza mwenyewe, na siku hiyohiyo akamletea kisanduku cheusi cha plastiki, kilichokwisha kutumika, alichokinunua kwa bei ya chee kutoka kwa mwanafunzi mmoja wa Radomir, mji wa jirani.

"Pedali hii. Inakanyagwa," alisema. "Yule kijana ameapa ndani yake mna amplifaya zote za dunia."

"Ndani ya hiki kisahani cha sabuni?"

"Chomeka uone. Na hizi hedfoni ni lazima. Ukizivua, nakuua kabla jaji hajakufunga."

Metodi akachomeka gitaa upande mmoja, hedfoni upande wa pili, akaweka unyayo kwenye kitufe. Kioo kidogo kikawaka namba nyekundu. Akagusa uzi. Bozhura, aliyekuwa amesimama mlangoni na taulo, hakusikia kitu ila tiki ya plastiki kwenye uzi mkavu. Lakini alimwona ndugu yake akiruka kwenye kiti kama aliyepigwa shoti.

Chumba kimya, kichwani vita. Kila namba ilikuwa na ukatili wake. Kumi na mbili ilikuwa kama kupiga kelele ndani ya handaki la mgodi. Ishirini ilikuwa na mwangwi, noti moja inarudi mara nyingi kama mtu anayekumbuka tusi. Na arobaini na tatu, ambayo Metodi aliipenda kuliko zote, ilikuwa msumeno unaokata basi lenye abiria. Upande wa kulia palikuwa na kibao cha kubembea kwa unyayo. Ukikisukuma mbele sauti inabweka, ukikirudisha inakoroma. Kibao kilikuwa kimelegea, na tundu la hedfoni lilitaka kukazwa kwa njiti ya kiberiti, lakini kwa bei ile nani angelalamika?

Kikamtuliza. Ajabu kabisa, kikamtuliza. Siku moja pale yadi mtu alimrushia spana ikampasua nyusi, tena kwa makusudi, tena huku anacheka. Metodi alitazama ile spana chini, akamtazama yule mtu, akaingiza mikono mifukoni. Alirudi nyumbani damu ikimwingia jichoni, akakaa, akaiwasha arobaini na tatu, na kwa muda mrefu alimkatakata yule mtu vipandevipande kwa nyuzi sita. Kisha akala maharage, akalala kama mtoto.

Kulikuwa na kasoro moja tu. Ndani ya pedali kulikuwa na mpiga ngoma wa mashine, na mpiga ngoma yule alijua kuhesabu nne, na kwa kulazimishwa, tatu. Waliomtengeneza hawakuwahi kualikwa harusi ya kwetu. Mikono ya Metodi ilitaka saba, ile ya rachenitsa, ngoma yetu ya harusi, mbili na mbili na tatu, yaani fupi, fupi, ndefu: ta, ta, taaa. Hayo ni mapigo ambayo mtoto wa Pernik anatoka nayo tumboni; bibi harusi analetwa kwayo, shahidi wa harusi anayacheza na chupa kichwani mpaka jasho linamtiririka. Hata akipiga muziki wa misumeno, Metodi alijikuta anaangukia humo. Basi akamzima yule mpiga ngoma mjinga, na kazi yake ikachukuliwa na kisigino cha kulia.

Metodi mwenyewe hakujua. Ukiwa na hedfoni, na msumeno masikioni, husikii kisigino chako. Lakini kilikuwa kisigino kitupu cha mtu wa kilo mia na ishirini, juu ya sakafu ambayo ukidondosha uma, wa chini wanajua unakula nini.

Chini yake, ghorofa ya tatu, aliishi Rangel na mkewe Paunka. Rangel alikuwa mchimba makaa mstaafu, mfupi, mkavu, mgumu kama msumari. Mdogo wake wa pekee, Blago, alikuwa fundi wa magari. Siku moja ya mwezi wa pili jeki iliteleza, na gari zima la mizigo likamkalia Blago kifuani. Tangazo la kifo chake, lenye picha akiwa anatabasamu kwenye pikiniki, likabandikwa kwenye mlango wa kuingilia. Rangel akavaa nyeusi, akaacha kunyoa, akafunika televisheni kwa shuka mpaka arobaini ipite. Jengo zima likapunguza sauti. Watoto walicheza mpira nyuma, si mbele. Metodi alikuwa mmoja wa waliobeba jeneza.

"Na muziki hakuna mpaka arobaini," Bozhura alimwambia jioni ya maziko.

"Dada, nani anasikia? Nina hedfoni."

"Mungu anasikia."

"Basi na Yeye agonge bomba."

Bozhura alimpiga na kijiko cha mbao, lakini hakukazana. Alijua bila kile kisanduku kuna mtu angekosa taya kabla ya Pasaka. Kwa hiyo Metodi akaendelea. Alijiona jirani mwenye heshima kupita wote: redio hakuwasha, mlango alifunga taratibu, jikoni alitembea kwa vidole.

Paunka ndiye aliyekuja kusimulia baadaye ilivyokuwa kule chini. Wamekaa, mshumaa mbele ya picha ya Blago, na dari inaanza. Ta, ta, taaa. Ta, ta, taaa.

"Paunka, unasikia?"

"Labda anatwanga nyama."

"Nyama gani inatwangwa kwa saba? Hiyo ni rachenitsa. Wanacheza."

"Rangel, nani acheze na maiti bado ya moto?"

"Yule dubu na dada yake. Sikia, sikia wanavyozunguka!"

Rangel akachukua nyundo akagonga bomba. Huko juu Metodi alikuwa katikati ya arobaini na tatu. Bomba lingeweza kung'oka ukutani asijue. Tena saa ileile wimbo wake ulifika mahali pa kuongeza mwendo. Sasa jiweke mahali pa Rangel uone: umefiwa, umegonga kuomba heshima, na wa juu wakusikie halafu wazidishe kasi! Aligonga mpaka rangi ya bomba ikabanduka. Harusi haikusimama.

Kesho yake asubuhi Metodi alikuta gari lake limevunjwa kioo cha mbele na magurudumu yote yamechanwa. Alisimama pale, vipande vya kioo vikilia chini ya viatu, shingo ikimvimba. Rangel alikuwa akitoka kwenda kununua mkate, ndevu nyeupe zimemjaa mashavuni.

"Mzee Rangel, umemwona aliyenifanyia unyama huu?"

"Labda ni mtu aliyechoshwa na furaha yako."

"Furaha? Furaha gani tena, baba?"

Rangel alitema mate katikati ya miguu ya Metodi, si pembeni, katikati, akaenda zake. Ngumi ya Metodi ilipanda yenyewe mpaka usawa wa kifua. Akaishika kwa mkono wa pili, akaishusha kama mtu anayemshusha mbwa mezani. Ameharibikiwa akili kwa msiba, alijiambia. Na jioni, kwa kuwa hasira ilikuwa nyingi kuliko siku zote, alipiga kwa nguvu kuliko siku zote.

Wiki hiyo Bozhura alirudi nyumbani na mayai yaliyopasuka na goti linalovuja damu. "Nimejikwaa ngazini," alisema. Hakujikwaa. Rangel alimsukuma kwa kiwiko kwenye kona ya ghorofa ya pili, akamwita jina ambalo haliandikiki. Bozhura hakuelewa sababu, na hakumwambia ndugu yake, maana alijua angeshuka ngazi zile kwa mruko mmoja na jaji angepenga kamasi kwa mara ya mwisho. Kimya chake kikafanya Metodi asijue. Na Metodi asiyejua akaendelea kukanyaga.

Ikafika Jumamosi. Bozhura alikuwa sokoni. Metodi amekaa kwenye kiti cha jikoni katikati ya sebule, peku, mgongo kwa mlango, pedali mbele yake, gitaa pajani. Pigo la kwanza la mlango hakulisikia. La pili pia. Alichoona ni taa ya darini ikining'inia na kuyumba, akajiuliza kama ni tetemeko. Akageuka. Mlango ulikuwa umebaki na bawaba moja, na ndani ya nyumba yake alisimama Rangel, shati jeusi, chuma cha pembe mkononi.

Hedfoni zilikuwa bado masikioni, na kidole cha Metodi bado kimebana uzi. Akamwona Rangel anafungua mdomo na kufumba, na sauti iliyotoka ilikuwa ya msumeno. Akazivua.

"...wapi? Nimesema wako wapi?"

"Nani, mzee?"

"Wachezaji! Wapiga zumari! Watoe wote nje!"

Rangel akampita kama hayupo. Akalifungua kabati na kuyachapa makoti mawili ya Bozhura mpaka yakaanguka. Akachungulia nyuma ya pazia. Akaenda roshani, akarudi, akapiga teke mlango wa choo. Alikuwa anatafuta harusi nzima, na alikuwa tayari kuiua yote, bibi harusi kwa bwana harusi.

"Niko peke yangu, baba. Tazama. Mimi na gitaa tu."

"Peke yako! Rachenitsa ya mtu mmoja! Kila siku juu ya kichwa cha Blago wangu, nagonga bomba mnaongeza mbio, mnanicheka, mnacheza juu ya kaburi!"

Hapo ndipo Metodi alipokitazama kisigino chake. Kilikuwa chekundu, kimefanya sugu. Akaelewa yote kwa mara moja: gari, mate, furaha. Mtu mwenye maneno angeomba radhi kwanza. Metodi hakuwa na maneno, alikuwa na kisigino.

"Siyo ngoma, mzee, siyo sherehe. Ni hiki. Tazama mwenyewe."

Akamwonyesha. Palepale, mbele ya mfiwa mwenye ndevu za msiba, akapiga sakafu: ta, ta, taaa.

Uso wa Rangel ulibadilika ukawa kama ukuta. Chuma kikapanda na kushuka. Pigo la kwanza liliangukia pedali. Kioo kiliwaka namba zote kwa mpigo, kikafa, vipande vya plastiki vikaruka mpaka jikoni. Pigo la pili lilikuwa la kisigino chenyewe, likapata kifundo cha mguu. Kililia kama kuni mbichi inavyopasuliwa. Metodi hakupiga ukelele, pumzi haikuwepo. La tatu lilikuwa linakuja kichwani. Alilidaka hewani kwa kiganja, akamnyang'anya Rangel kile chuma, akakirusha chini ya kochi.

Rangel hakuhitaji chuma. Alimrukia kifuani, akampiga kichwa puani, akamkumbatia shingo na kumng'ata sikio, akalivuta kama anachana mkate. Damu ikamwingia Metodi ndani ya kola. Wakaanguka juu ya kiti, kiti kikavunjika, wakabiringika juu ya gitaa, nyuzi zikakatika moja baada ya moja. Mzee yule mkavu alikuwa na nguvu za watu wanne. Mwishowe uzito ukashinda. Metodi akawa juu, goti kwenye mbavu za Rangel, mkono wa kushoto umemkaba, wa kulia umekwenda nyuma ya bega, umefungwa, umejaa.

Pigo hilo lingeua. Alilijua kama anavyojua njia ya kwenda kazini. Alishalipiga mara nyingi. Taya lile chini yake, lenye ndevu nyeupe, lilikuwa mahali pake hasa. Na nyuma ya taya alimwona yule jaji mwenye mafua.

"Piga!" Rangel alikoroma. "Unangoja nini? Mwanamume gani wewe! Piga, mwana wa malaya!"

Mama alikuwa ameshatukanwa. Ndipo Metodi akaona kitu kilichomtisha kuliko chuma: Rangel alikuwa amefumba macho, na kidevu amekiinua. Alikuwa anajitayarisha kupokea, kama mtu anayesubiri kunyolewa. Pengine hakuja kuvunja harusi tu. Pengine alitaka mtu wa kumlaza chini karibu na mdogo wake.

"Sikupigi," Metodi alisema.

"Piga!"

"Nimesema sikupigi, mshenzi wewe!"

Ngumi haikutaka kufunguka. Aliifungua kidole kimoja kimoja, kama anafungua ya mtu mwingine. Kisha akamzoa Rangel kiunoni, akamtupa begani, akasimama kwa mguu mmoja akishika ukuta, akatoka naye kwenye ule mlango wa bawaba moja.

Ngazi za kushuka ghorofa moja si nyingi. Jaribu kuzishuka kifundo kimevunjika, na umebeba mtu anayekupiga figo kwa ngumi mbili na kukung'ata mgongo. Kila hatua ya mguu wa kulia Metodi alinguruma, na kila alipotua wa kushoto Rangel alimtukania ukoo. Milango ilifunguka. Bibi wa mlango wa mkabala, Mama Tsena, alitoa kichwa chenye vibano vya nywele.

"Metodi! Umemuua mzee wa watu?"

"Bado ananing'ata, mama!"

"Ah. Basi shuka polepole."

Paunka alikuwa ameshafungua. Metodi akamshusha Rangel kizingitini taratibu, kama kitu cha kioo. "Mama Paunka, mpokee mumeo." Rangel alisimama, akajipangusa shati, akavuta mguu nyuma, na kwa kiatu chake cha mgodini akakipiga teke kile kifundo kilichovunjika. Safari hii Metodi alilia. Jengo zima lilimsikia. Akaanguka kwa urefu wake wote ngazini, na Paunka akamzaba mumewe kibao cha uso, kisha akainama na kumzaba Metodi kingine.

"Mimi nimefanya nini, mama?"

"Sijui! Utaniambia wewe!"

Polisi walifika haraka, maana Mama Tsena alikuwa ameshapiga simu tangu mlango ulipovunjwa. Mmoja wao, kijana mwenye masharubu membamba, alimfahamu Metodi. Mjini kote hakuna polisi asiyemfahamu. Alitazama damu ukutani, akatazama lile jitu limelala, akatoa pingu bila kuuliza.

"Haya Metodi. Nilisema na wenzangu huwezi kumaliza mwaka. Lete mikono."

Metodi akainyoosha. Kijana akaishika, akageuza huku na huku kwenye mwanga wa dirisha la ngazi. Akatazama vifundo vya vidole. Hakuna mchubuko. Hakuna jino lililochora. Akatazama tena, kama mtu aliyefungua friji na kukuta viatu.

"Na damu hii?"

"Ya sikio langu."

"Nani kakung'ata?"

Kwetu hata mtu akikukata kichwa, polisi unawaambia ulikuwa unanyoa.

"Nimeanguka."

"Umeanguka ukajing'ata sikio?"

"Mimi!" Sauti ya Rangel ilitoka ndani. Akaja mlangoni akimsukuma Paunka. "Mimi ndiye. Usinisaidie, wewe gunia, nani kakuomba? Andika, kijana: nimevunja mlango, nimevunja mguu, sikio nimeling'ata, na gari ni mimi vilevile. Yeye hakunigusa. Nimemwomba anipige, hakunipiga! Na andika hili pia: alikuwa anapiga rachenitsa kabla ya arobaini ya ndugu yangu."

Watu walikuwa wamejipanga mpaka ghorofa ya tano. Yule polisi alimtazama Metodi.

"Ni kweli?"

Metodi angeweza kusema hapana. Hakuna aliyesikia hata noti moja. Kisanduku chenyewe kilikuwa vumbi. Alimtazama Rangel, zile ndevu, na damu ya sikio lake mwenyewe kwenye zile ndevu.

"Ni kweli," alisema. "Ilikuwa masikioni mwangu tu. Nilidhani ikiwa masikioni haihesabiki."

"Inahesabika," alisema Paunka. Hakusema kwa ukali.

"Naona sasa, mama. Nisameheni."

Rangel alinyoosha mikono yake mwenyewe kwa polisi, na walipomfunga pingu alitaka zikazwe zaidi, kwa sababu, alisema, zinacheza. Akashuka kichwa juu, na Paunka nyuma yake na koti.

Watu wa gari la wagonjwa walikuja wawili, wakamtazama Metodi, wakaita wengine wawili. Walikuwa wanamgeuza kwenye kona ya ghorofa ya pili, wakitokwa na jasho na kutukana lifti mbovu, Bozhura alipoingia chini na mifuko ya soko. Alikuwa ameona gari la polisi nje. Aliiachia mifuko, vitunguu vikaviringika, akapanda ngazi mbili mbili. Hakutazama sikio linaloning'inia, wala ule mguu uliogeukia kusiko. Alitazama mikono ya ndugu yake iliyolala juu ya blanketi, akaishika, akaiinua, akatafuta pingu. Hakuziona.

"Umempiga mtu?"

"Sijapiga."

"Niapie."

"Dada, inauma."

"Niapie, dubu wewe!"

"Naapa. Sijapiga mtu."

Bozhura akashusha pumzi mpaka mabega yakaanguka. Ndipo akaanza kumtukana, kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani, na hakunyamaza hata milango ya gari ilipofungwa.